Kusafisha na Kutengeneza Kinasa Sauti cha Rili Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Wakaazi wa Unguja na Pemba

Bado zipo nyumba Unguja na Pemba ambamo, juu ya kabati au ndani ya sanduku lililosukumwa chini ya kitanda, kimehifadhiwa kinasa sauti cha rili mbili pamoja na tepe zake: Grundig au Philips ya mzee aliyekuwa mwalimu, Akai iliyoletwa na jamaa kutoka Arabuni, Uher ndogo ya begani iliyotumiwa na mtangazaji. Sauti ya Unguja ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na kwa miaka mingi baada ya hapo, kabla kaseti hazijaenea, taarab, maulidi, hotuba na harusi zilizonaswa ziliingia katika utepe wa upana wa milimita 6.35. Thamani kubwa imo ndani ya utepe huo, si ndani ya kifaa, kwa sababu kifaa cha aina moja kinaweza kupatikana tena lakini sauti ya bibi aliyekwishafariki haipatikani. Kwa hiyo kazi yote inayoelezwa hapa imepangwa kwa kanuni moja: utepe wenye thamani usipandishwe juu ya kifaa mpaka kifaa hicho kiwe kimesafishwa, kimetengenezwa na kimejaribiwa kwa utepe usio na kitu.

Kabla ya plagi kuguswa

Pupa ya kuchomeka plagi ili kuona kama kifaa bado kinafanya kazi ndiyo inayoviua vifaa vingi vilivyokaa miaka ishirini au thelathini bila ya kuwashwa. Hewa ya visiwani ina unyevu mwingi na chumvi ya bahari. Grisi ya zamani imegeuka gundi, mpira umelainika au umekauka, na kapasita, yaani vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, zilizolala muda mrefu hazina tena uwezo wa kustahimili umeme wote kwa ghafla. Acha plagi nje ya ukuta, na anza kwa macho na pua. Harufu ya kitu kilichoungua, madoa ya maji ya kahawia chini ya kifaa, mavi ya panya au nyumba za nyigu ndani ya matundu ya hewa, vyote hivyo vinakueleza utakachokikuta ndani.

Kisha tazama mgongo wa kifaa, mahali penye kibao cha maelezo. Umeme wetu ni volti 230 na mzunguko wa hezi 50. Kifaa kilichonunuliwa Uingereza au Ujerumani kwa kawaida hakina tatizo, ila kile kilichotoka Marekani kimetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, na cha Japani kwa volti 100. Vifaa vingi vya kuuzwa nchi za nje vina kitufe cha kuchagua volti. Pakiwa na 220 na 240, chagua 240, kwani umeme wa majumbani hupanda na kushuka na ni bora kifaa kipate pungufu kidogo kuliko ziada. Suala la hezi ni gumu zaidi. Saudi Arabia hutumia hezi 60, hivyo aliyeletewa kifaa kutoka Jidda au Makka asishangae. Ikiwa mota inafuata mzunguko wa umeme, kifaa cha hezi 60 kikichomekwa hapa kitakwenda polepole kwa sehemu moja ya sita, na mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume aliyechoka. Baadhi ya vifaa vina kikombe kidogo cha chuma kinachovishwa kwenye ekseli (ufito wa chuma unaouendesha utepe) ili kurekebisha kasi, au puli yenye ngazi mbili ambayo belti huhamishwa kutoka ngazi moja hadi nyengine. Tafuta kikombe hicho ndani ya kifuniko kabla ya kudhani kuwa kimepotea. Vifaa vyenye mota inayodhibitiwa kielektroniki, kama vile Revox A77, havina shida hii.

Vitu vya kutafuta mapema

Jambo la kwanza ni spiriti safi ya isopropili ya asilimia 99, ambayo mafundi wa simu huitumia kusafishia bodi, na kwa hiyo ukiulizia kwao Darajani au Chake Chake utaelekezwa inakopatikana. Spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda ina maji mengi mno kwa kazi hii, na spiriti ya jiko yenye rangi huacha utando. Usizitumie kwenye hedi, yaani vichwa vinavyonasa na kusoma sauti. Tafuta pia vijiti vya pamba vya masikio, kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi (shuka kuukuu nyeupe inatosha), seti ya bisibisi zinazoingia sawasawa katika vichwa vya skrubu, brashi laini ya rangi, kibanio, mita ya kupimia umeme, chuma cha solda cha wati 30 au 40, mafuta ya cherehani, grisi nyeupe kidogo, na kopo la dawa ya kusafishia swichi ambayo imeandikwa kuwa ni ya elektroniki. Dawa ya kopo ya kulegezea skrubu zilizoshika kutu siyo dawa ya swichi, na ikipulizwa ndani ya kifaa huacha mafuta yanayokamata vumbi.

Mafuta ya nazi yasikaribie kifaa hiki hata kidogo. Naliandika jambo hili kwa mkazo kwa sababu yamo katika kila jiko na mkono huenda kwayo wenyewe. Mafuta hayo huganda hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, huchacha, na baada ya miezi hugeuka ulimbo ndani ya beringi.

Kufungua na kuondoa vumbi

Plagi ikiwa nje ya ukuta, toa vifundo vya mbele kwa kuvivuta moja kwa moja bila ya kuvipinda, kisha fungua skrubu za kifuniko. Piga picha kwa simu katika kila hatua, na kila kundi la skrubu litie katika kikombe chake chenye karatasi iliyoandikwa zimetoka wapi, kwani skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi inaweza kutoboa bodi au kugusa mota. Ndani, usiguse chochote kwa dakika kadhaa. Kapasita kubwa za sehemu ya umeme huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kutolewa, na vifaa vya zamani zaidi vyenye valvu za kioo vina sehemu zenye volti 250 na zaidi, ambazo zinaweza kuua. Pima kwa mita kati ya ncha mbili za kila kapasita kubwa. Ikionyesha volti nyingi, ziunganishe ncha hizo kwa rezista ya omu elfu moja au mbili, yenye wati kadhaa na iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki, hadi volti ziishe. Kifaa chenye valvu, ikiwa hujapata kufanya kazi ya umeme, mpe fundi anayejua sehemu hiyo ya umeme, na wewe ubaki na usafi na mitambo.

Vumbi liondolewe kwa brashi, likivutwa kuelekea nje. Kutu ya kijani kwenye shaba, ambayo ni ya kawaida kwa nyumba zilizo karibu na bahari, isuguliwe kwa brashi ngumu ya nyuzi na kufutwa kwa spiriti. Ukikuta mchanga au chumvi iliyoganda, usipulize kwa mdomo, kwani pumzi ina unyevu.

Njia ya utepe

Hapa ndipo penye sauti yenyewe, na hapa ndipo panapohitaji subira kuliko pengine pote. Utepe hutoka rili ya kushoto, hupita kwenye vipini vya kuongoza na mkono wenye springi, kisha hupita mbele ya hedi: kwanza hedi ya kufutia, kisha ya kurekodia, kisha ya kusomea, ingawa vifaa vya bei nafuu vina hedi moja inayofanya kazi mbili za mwisho. Baada ya hedi upo ufito mwembamba wa chuma unaozunguka, yaani ekseli, na rola ya mpira inayoubana utepe dhidi ya ekseli hiyo. Kasi yote ya utepe hutoka hapo, iwe ni sentimita 9.5, 19 au 38 kwa sekunde.

Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti, kisha kikamue ili kisidondoshe. Futa uso wa kila hedi, ukitupa kijiti kinapotoka na rangi ya kahawia na kuchukua kingine, mpaka kijiti kitoke cheupe kama kilivyoingia. Rangi hiyo ni ungaunga wa sumaku uliobanduka kutoka kwenye tepe za zamani, na tabaka lake jembamba lisiloonekana kwa macho linatosha kuifanya sauti isikike kana kwamba imefunikwa blanketi. Ungaunga sugu usikwaruzwe kwa kucha wala kwa bisibisi. Uwekee pamba iliyolowa kwa dakika moja, na utalainika. Fanya vivyo hivyo kwa vipini na ekseli, ambayo mara nyingi ina pete nyeusi iliyogandamana.

Baada ya hapo tazama hedi kwa taa ya pembeni. Utepe hula chuma taratibu na kuacha bonde lenye kingo mbili. Ukipitisha ukucha juu yake kwa upole na ukakwama katika kingo hizo, hedi imechakaa na itahitaji kusuguliwa upya na mtaalamu au kubadilishwa, lakini bado inaweza kusoma tepe za upana ule ule. Skrubu zinazoishikilia hedi usiziguse sasa. Zimewekwa kwa kipimo, na zina wakati wake.

Hedi na vipini vya chuma hupata usumaku kwa matumizi, na usumaku huo huongeza mvumo na kufifisha sauti za juu za kanda nzuri. Kiondoa sumaku ni kifaa kidogo chenye ncha na waya wa umeme. Mwenye kukipata akitumie hivi. Kinasa sauti kiwe kimezimwa na tepe zote ziwe umbali wa zaidi ya mita moja. Kiwashe kiondoa sumaku kikiwa mbali, kisogeze taratibu, kipitishe mbele ya kila sehemu ya chuma bila ya kukigusisha, kisha kirudishe nyuma polepole mpaka urefu wa mkono, na hapo tu ndipo ukizime. Kukizima kikiwa karibu na hedi kutaiacha na usumaku mwingi kuliko ulioukuta.

Mpira: rola na belti

Rola ya mpira isisafishwe kwa spiriti mara kwa mara, kwani huikausha. Tumia maji vuguvugu yenye sabuni laini kidogo, zungusha rola kwa kidole huku ukiifuta, kisha ifute kwa kitambaa chenye maji matupu na uiache ikauke. Mpira ulio hai huonekana mweusi usiong'aa na hurudi ukibonyezwa kwa ukucha. Uliong'aa kama ngozi ya kiatu hauwezi tena kuubana utepe, na sauti itayumba. Kuusugua kwa msasa mwembamba sana huku ukizungushwa ni tiba ya muda, na dawa ya kweli ni kuagiza rola mpya yenye vipimo vile vile vya kipenyo, urefu na tundu.

Belti zina bahati mbaya zaidi katika joto letu, kwani aina fulani za mpira wa miaka ya 1970 hulainika na kugeuka lami nyeusi inayonata kwenye puli na kwenye vidole. Vaa glavu, weka karatasi chini ili lami isidondokee bodi, iondoe kwa kijiti cha mbao, na malizia kwa spiriti mpaka puli ing'ae. Ikiwa belti imekatika au imepotea, pitisha uzi kwenye puli zake zote kama belti ilivyopita, ukaze bila ya kuuvuta, upime urefu wa uzi, na uagize belti yenye mzingo pungufu kwa asilimia tano hivi. Zingatia kama belti ya asili ilikuwa bapa au ya mraba. Mipira ya mikebe na ya baiskeli iliyokatwa si mbadala, kwa sababu upana wake haulingani na kila kasoro ya upana itasikika katika sauti.

Breki za rili ni vipande vya felti au ngozi vinavyogusa magurudumu ya chuma. Zifute kwa kitambaa kikavu, na tone la mafuta lisizifikie kabisa, kwani breki yenye mafuta itauachia utepe utengeneze matanzi na kukatika.

Mafuta na grisi

Ikiwa vitufe havibonyezeki au mkono wa kuchezesha haurudi mahali pake, chanzo kwa kawaida ni grisi iliyoganda. Usivilazimishe, kwani plastiki ya umri huo huvunjika. Futa grisi ya zamani kwa pamba yenye spiriti, tembeza mkono mpaka uende kwa uhuru, ndipo upake utando mwembamba wa grisi mpya pale tu chuma kinaposuguana na chuma. Kwenye beringi za mota na za ekseli tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani yanatosha, na yanayozidi yafutwe hapo hapo, kwa sababu mafuta yakifika kwenye ekseli au rola, utepe utateleza na kazi yote ya usafi itarudiwa.

Swichi na kapasita

Kelele za kukwaruza unapozungusha kifundo cha sauti, au upande mmoja wa stereo uliokufa, mara nyingi hutokana na uchafu wa swichi na si bodi iliyoharibika. Swichi ndefu inayobadilisha kifaa kati ya kusoma na kurekodi ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Puliza dawa ya swichi kidogo ndani yake, iende mbele na nyuma mara ishirini, na uiache ikauke usiku kucha. Vifundo vya sauti hutibiwa vivyo hivyo.

Kapasita zinataka hukumu. Sishauri kuzibadilisha zote kwa mkupuo, kwa sababu mtu asiye na uzoefu atazalisha makosa mapya na hatajua lipi limetokana na lipi. Badilisha kwanza zile zilizovimba, zilizovuja, au zilizopasuka. Kuna aina moja inayostahili kubadilishwa hata ikiwa bado inafanya kazi: ile ya karatasi iliyofungwa ndani ya plastiki ya manjano inayopitisha mwanga, inayopatikana karibu na swichi ya umeme katika vifaa vya Ulaya. Plastiki yake hupasuka nyufa nyembamba, unyevu huingia, na siku moja kapasita hulipuka na kujaza chumba moshi mkali. Weka mpya ya daraja la X2 yenye maikrofaradi zile zile na uwezo wa volti 275 za umeme wa majumbani. Kapasita ya kuwashia mota nayo lazima iwe ya aina ya mota. Zile zenye alama ya hasi na chanya zirudishwe kwa mwelekeo ule ule uliouona katika picha yako, na volti zake ziwe sawa au zaidi ya za awali. Skrubu ndogo za kurekebishia zilizomo kwenye bodi ziachwe zilivyo, hata kama zinaonekana kukualika.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Tafuta globu ya zamani yenye waya ndani, ya wati 60 au 100. Za kisasa za LED hazifai. Iunganishe kwa mfululizo katika waya mmoja wa umeme unaokwenda kwenye kifaa, viungo vyote vikiwa vimefunikwa ndani ya kisanduku cha plastiki. Rili zikiwa tupu, washa. Globu ikiwaka kwa nguvu kwa nukta moja kisha ikafifia, umeme unapita kama inavyotakiwa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna mahali ndani ambapo umeme umegusana, basi zima na utafute. Mwanga wa wastani si jambo la kutisha ikiwa mota inazunguka wakati huo. Kaa nacho chini ya globu kwa nusu saa, ukinusa na kugusa kifuniko cha nje cha transfoma plagi ikiwa imetolewa, kisha kichomeke moja kwa moja, na kwa nyumba ambazo umeme unayumba, kupitia stabilaiza.

Sasa pandisha utepe usio na thamani. Upeleke mbele kwa kasi na usimamishe ghafla: rili zote mbili zisimame pamoja bila ya utepe kulegea. Cheza na usikilize. Sauti ikiwa hafifu upande wa juu, yaani nyuzi za kanuni, ala ya taarab, hazisikiki vikali, hapo ndipo wakati wa skrubu ya pembeni ya hedi ya kusomea. Weka alama ya kalamu mahali ilipo, izungushe kwa robo moja au pungufu huku ukisikiliza, na uiache pale sauti za juu zinapokuwa wazi kabisa. Tepe zilizorekodiwa kwenye mashine tofauti zinaweza kudai marekebisho tofauti, kwa hiyo alama hiyo itakufaa tena.

Utepe wenyewe

Ufungue utepe wa thamani na uunuse. Harufu ya siki inaonyesha utepe wa asetati unaooza, na dalili nyengine ya asetati ni kuwa rili ikishikwa dhidi ya mwanga wa dirisha, mwanga hupenya katika utepe uliokunjwa. Huo ni mkavu na hukatika kwa urahisi. Uchezwe mara moja tu, na usipelekwe kwa kasi. Utepe wenye koga nyeupe usichezwe ndani ya nyumba, kwani vijidudu vyake hudhuru mapafu na huchafua hedi. Uweke ndani ya mfuko uliofungwa, mbali na tepe nyengine, mpaka upate mtu mwenye vifaa vya kuusafisha. Kuna pia tepe za miaka ya 1970 na 1980, kama vile Ampex 456, ambazo gundi yake hunyonya unyevu na kunata kwenye hedi huku zikilia. Zikilia, simamisha mara moja. Tiba yake ni kuzikausha katika joto la nyuzi 54 hivi kwa saa kadhaa ndani ya chombo chenye kipimo sahihi, jambo ambalo oveni ya jikoni haiwezi kulifanya kwa usalama, na utepe wa asetati usikaushwe hivyo hata siku moja.

Rili hazina kijino cha kuvunja kama kaseti, kwa hiyo ziba kitufe cha kurekodi kwa plasta kabla ya kuanza, ili kidole kisifute kilichobakia. Ukisikia mtu akizungumza kinyumenyume chini ya wimbo, kifaa chako kinasoma nyimbo za pande zote mbili kwa pamoja, na unahitaji chenye hedi ya njia nyembamba zaidi. Kila kitu kikiwa sawa, unganisha matokeo ya sauti na kompyuta na urekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 au 96,000 kwa sekunde, bila ya kuondoa mvumo wala kuongeza kitu, kwa kuwa nakala ya asili ikishapatikana usafishaji wa sauti unaweza kufanywa wakati wowote. Mwisho wa utepe usiurudishe mwanzo kwa kasi. Uache kwenye rili ya kulia ulivyojiviringa taratibu, andika kwenye boksi kwamba mwisho uko nje, tia vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na usimamishe boksi wima, mahali palipoinuka kutoka sakafuni na mbali na ukuta unaovuja wakati wa masika.